Sufuri na Kutojua: Mjadala wa Madaftari ya Ziwa

Hoja iliyowekwa mbele ya baraza hili ni moja, nayo ni hii: je, habari za Ziwa Tanganyika, yaani habari za samaki wake na maji yake, za misitu iliyolizunguka na watu wanaolitegemea, zikusanywe katika hifadhidata moja yenye mpangilio mmoja, ambayo Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zitaiandikia na kuisoma kwa kanuni moja, au kila mwalo ubaki na daftari lake, kwa vipimo vyake na kwa mwandiko wa karani wake, na mtaalamu atakaye kujua afunge safari aje aulize?

Wako watakaosema kwamba elimu ya hifadhidata ni elimu ya miji mikubwa na vyuo vya ng'ambo, na kwamba kuijadili Ilagala, kijiji cha wavuvi na wakulima wa michikichi karibu na mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake ziwani, ni kuitoa mahali pake. Walakini mialo ya upande wa Tanzania ilifungiwa uvuvi kwa miezi mitatu ya mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, kwa kuwa nchi zenye ziwa zilikubaliana lipumzishwe ili samaki wazaane. Na amri ile, iwe ilikuwa njema au nzito, ilijengwa juu ya hesabu. Mtu aliyekaa nchi kavu miezi mitatu kwa sababu ya hesabu ana haki ya kuuliza hesabu hizo huandikwaje, huhifadhiwaje, na hujibu maswali ya nani.

Sauti ni nne, na kila moja ni sauti ya kazi kuliko ya mtu: Mtafiti, binti wa kijiji aliyesomea elimu ya kompyuta chuoni, Karani, mzee aliyeandika mavuno ya mwalo kwa umri mrefu, Mchuuzi, mama auzaye dagaa, na Shehe, mwalimu wa madrasa kutoka Ujiji, aliyekabidhiwa uenyekiti.

SHEHE: Nafungua baraza kwa jina la Mungu, na sharti langu ni fupi: asemaye asikatizwe, na ajibuye ajibu hoja, asimjibu mtu. Mwanangu, wewe ndiwe mdai, anza.

MTAFITI: Shikamooni, wazee wangu, na shikamoo, mama. Dai langu ni kwamba habari isiyoweza kuulizwa swali jipya ni kama haipo, na kwamba faida kuu ya hifadhidata ni kumwezesha mtu wa leo kuuliza jambo ambalo mwandishi wa jana hakulifikiri kamwe. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alitoa makala iliyogeuza elimu hii yote. Kabla yake, aliyetaka habari kutoka katika mashine ilimlazimu ajue mahali ilipowekwa, na aifuate hatua kwa hatua kwa njia ambayo waliotangulia waliichonga. Na njia ikibadilishwa, programu yake huharibika. Codd akasema habari zote zipangwe katika majedwali, kila mstari uwe tamko moja lililo kweli, na muulizaji aseme anachotaka, mashine yenyewe itafute njia. Wenzake walipinga kwa kudhani mashine itakuwa nzito mno, hata IBM ikajenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kikajenga Ingres chini ya Michael Stonebraker na Eugene Wong, ikathibiti kwamba jambo linawezekana. Lugha ya SQL, iliyotungwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce mwaka 1974, ndiyo inayotumiwa hata leo na mabenki na hospitali kuulizia habari zao.

Na msinijibu kwamba hayo ni ya ng'ambo, kwa kuwa ushahidi wangu mkubwa uko kaskazini ya Kigoma, mwendo wa mashua tu kutoka mjini. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwezi wa Julai mwaka 1960, na tangu hapo siku baada ya siku wakaandikwa sokwe waliofika kambini, saa waliyofika, na waliofuatana nao. Madaftari yale yalikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota kuanzia mwaka 1995 chini ya Anne Pusey, kisha yakahamia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2010, na katika miaka hiyo yote yakawa yanaingizwa katika hifadhidata. Mwaka 2018 Joseph Feldblum na wenzake wakaiuliza hifadhidata ile jambo moja: jamii ya sokwe iliyogawanyika na hatimaye kupigana kati ya mwaka 1974 na 1978 ilianza kupasuka lini, na kwa ajili ya nani? Kwa kupima ni madume gani waliofika pamoja kambini kati ya mwaka 1967 na 1972, wakaona kwamba ufa ulianza kupanuka tangu 1971, Humphrey akiwa upande mmoja, na Charlie na Hugh upande wa pili. Aliyeandika asubuhi moja ya mwaka 1969 kwamba Humphrey amekuja, na Hugh naye amekuja, hakujua anaandika utangulizi wa vita. Daftari peke yake lisingesema hivyo, kwa maana hakuna jicho liwezalo kushika maelfu ya asubuhi kwa wakati mmoja.

KARANI: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kusema vizuri. Lakini umechagua mfano ambao nusu yake ni ushahidi wangu. Ni nani aliyeshuhudia shambulio la kwanza la vita ile, Januari 1974? Hilali Matama, Mtanzania aliyefanya kazi msituni. Na mwezi wa Mei mwaka 1975, waasi waliovuka ziwa kutoka ng'ambo walipowateka wanafunzi wanne wa kigeni, hata kambi ikaachwa na wageni, ni nani walioendelea kumfuata sokwe kutwa nzima na kuandika? Ni wenyeji, kwa Kiswahili, kwa maneno yao. Maneno yale yalipofika ng'ambo yakafasiriwa, kisha yakakatwakatwa yaenee katika vijumba vya jedwali. Na katika kukata, kuna kilichodondoka. Mwaka 1991 Margaret Power alitoa kitabu akidai kwamba ndizi ambazo sokwe walipewa kambini ziliharibu mwenendo wao. Sisemi dai lake ni kweli, wala sisemi ni uwongo. Nasema tu kwamba kijumba kinachosema sokwe kafika hakisemi kafika kwa ajili ya nani, mwenziwe au ndizi.

Sasa tuje mwaloni. Mimi nimepewa fomu yenye kijumba kimoja cha mavuno ya usiku, nami naandika sufuri. Sufuri ile ina maana gani? Pengine ni mbalamwezi, na ninyi mnajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu na mitumbwi hulala ufukoni. Pengine upepo wa kusini wa kiangazi umechafua maji, mtu mwenye akili hatoki. Pengine walitoka, wakavua, wakauza kule kule majini au upande wa pili wa mpaka kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Pengine mimi mwenyewe nilikuwa na homa, nikajaza fomu baada ya siku mbili kwa kuuliza watu. Pengine ni miezi ile ya kufungwa, hakuna aliyeruhusiwa. Na pengine, baada ya hayo yote, walitoka usiku wa giza, maji yakiwa shwari, wakavuta nyavu na hamna kitu. Sita hizo ni habari sita, na ni ya mwisho tu ndiyo habari ya samaki. Mkijumlisha sufuri zangu zote na kupata wastani, mtapata tarakimu safi iliyotokana na uchafu.

Fauka ya hayo, mimi naandika beseni, jirani yangu anaandika ndoo, na wa mwalo wa tatu anaandika gunia la dagaa waliokwisha kukauka, ambao wamepoteza sehemu kubwa ya uzito wao mchangani. Hata mahali penyewe hapatulii. Ilagala katika makaratasi ya zamani ni ya Wilaya ya Kigoma Vijijini, na tangu mwaka 2012 ni ya Uvinza. Na maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, mialo mingine ilimezwa na watu wakashusha samaki pengine. Mwalo uliohama ni ule ule au ni mwingine? Mpangilio wenu mmoja utanilazimisha nijibu ndiyo au siyo, na mimi sina jibu la ndiyo wala siyo. Ndiyo maana nasema daftari libaki mwaloni, karibu na mtu anayejua sufuri hii ni ya aina gani.

SHEHE: Karani amesema jambo zito, kwamba kuna kutokuwepo na kuna kutojua, na aliyevichanganya amesema uwongo bila kukusudia. Mtafiti, ajibiwe hilo kwanza, kabla ya beseni na ndoo.

MTAFITI: Ajibiwe, Shehe, na tena ajibiwe kwa heshima, kwa sababu aliloligusa mzee wangu ndilo jambo lililowagombanisha wanazuoni wa elimu hii kwa muda wa nusu karne. Codd mwenyewe aliona kwamba jedwali lisilo na nafasi ya kutojua litawafanya watu wabuni. Katika makala yake ya mwaka 1979 akaeleza hesabu ya mantiki yenye hukumu tatu: kweli, si kweli, na haijulikani, na baadaye akaona hata hiyo haitoshi, akataka alama mbili, moja ya jambo lililopo ila halijajulikana, na moja ya jambo lisilohusika kabisa. Kwa mfano wa mzee, samaki waliovuliwa wakauzwa majini ni wa alama ya kwanza, na usiku ambao hakuna mtumbwi uliotoka ni wa alama ya pili. Chris Date, aliyekuwa mfuasi wake mkubwa na mwandishi wa vitabu vilivyoieneza nadharia yake, alimpinga katika hili, akasema alama hizo zitaharibu mantiki na kumpa muulizaji majibu ya kushangaza, na kwamba afadhali kila aina ya habari ipewe jedwali lake, ili panapokosekana habari pasiwe na mstari wowote. Na kwa hakika Date hakukosea katika onyo lake, kwa kuwa ukiiuliza SQL orodha ya siku zilizopata chini ya beseni kumi, kisha orodha ya siku zilizopata beseni kumi au zaidi, siku isiyojulikana haitatokea katika orodha hii wala ile, na asiye na hadhari atadhani haikuwepo duniani.

Lakini wapo waliotoka nje ya ugomvi huo kwa mlango mwingine. Witold Lipski wa Poland, na mwenzake Tomasz Imieliński, katika makala ya mwaka 1984, walisema hifadhidata yenye mapengo tuione kuwa ni maelezo ya dunia nyingi zinazowezekana, kila moja ikiwa imeyajaza mapengo kwa namna yake. Na jibu la kutegemewa ni lile lililo kweli katika dunia zote hizo. Hilo huitwa jibu la yakini. Lililo kweli katika baadhi ya dunia tu huitwa linalowezekana, nalo lisitajwe kwa sauti ya yakini.

SHEHE: Mafakihi nao wana kanuni yao ya kutenga yakini na shaka, wakakataza la kwanza lisivunjwe na la pili. Nafurahi kusikia kwamba mashine imefundishwa adabu hiyo. Karani, umeridhika?

KARANI: Nimeridhika na wanazuoni, Shehe, sijaridhika na fomu. Kama elimu hii ilijua tangu siku za Codd kwamba kuna aina mbili za kutojua, kwa nini mimi nimepewa kijumba kimoja? Maarifa yaliyobaki katika makala hayamsaidii mtu anayeshika kalamu. Na madhara yake si madogo. Binti yangu, waeleze wazee ugomvi wa maji ya moto na maji ya baridi, kwa maana wewe ndiwe uliyenisomea.

MTAFITI: Ni kweli, na sitauficha ingawa unamfaa yeye kuliko mimi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, na Piet Verburg na wenzake katika jarida la Science, walionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na kwamba maji ya juu yenye joto hayachanganyiki kirahisi na maji ya chini yenye rutuba. O'Reilly na wenzake wakakadiria kwamba chakula cha ziwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Waliwezaje kuyajua hayo? Kwa sababu vipimo vya joto vilivyochukuliwa na wasafiri wa elimu tangu karibu na mwaka 1913 vilikuwa vimehifadhiwa, vikalinganishwa na vya leo. Hapo hazina ya habari imeonyesha fadhila yake. Lakini mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland na wenzake, waliopata kufanya utafiti humu ziwani, wakajibu kwamba tarakimu za mavuno zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe, yaani zana na mahali pa kuvulia, kuliko mabadiliko ya hewa. Wote walisoma ziwa moja. Walichotofautiana ni nini hasa kilichokuwa nyuma ya tarakimu za mavuno.

KARANI: Basi umesema kwa ulimi wako. Wanazuoni wakubwa walipofika mwisho wa elimu yao, swali likarudi mwaloni: usiku ule mitumbwi mingapi ilitoka, kwa taa gani, kwa wavu gani? Na aliyekuwa na jibu hakuwa na kijumba cha kuliandika.

MCHUUZI: Mniwie radhi, baba zangu, maana naona mnagombea tarakimu kama kwamba hazina mwenyewe. Mimi sikusoma, ila natumia hifadhidata kila siku ya Mungu, kwa kuwa tajiri wa Kigoma hunitumia fedha kwa simu, nami nampakilia magunia. Siku mtandao ulipokatika katikati, fedha yake ikawa haijatoka na yangu haijaingia, sikulala. Asubuhi nikakuta hakuna aliyedhulumiwa. Nikamuuliza mwanangu huyu mtafiti nani aliyeweka insafu hiyo, akaniambia habari za Jim Gray.

MTAFITI: Ndiyo, mama. Yeye na wenzake ndio walioweka misingi ya muamala kama tunavyoujua, kwamba ama utimie wote au usiwepo wote, na kwamba ukisha kutimia usipotee hata mashine ikizimika. Alipewa nishani ya Turing ya mwaka 1998. Mwaka 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua ya tanga, na hakuonekana tena.

MCHUUZI: Mungu amrehemu. Basi nataka kusema hivi: katika fedha, wakubwa walihakikisha kwamba mimi mdogo sidhulumiwi na pengo la dakika moja. Katika habari za samaki, mbona hakuna hangaiko kama hilo? Anayeandikwa anaogopa. Mvuvi akiulizwa amepata beseni ngapi, huwaza ushuru kabla ya kuwaza elimu, na hutaja pungufu. Nisemapo mimi bei niliyouza, nani ataisoma? Mshindani wangu? Mtoza ushuru? Na mimi nikitaka kujua dagaa wa upande wa Kongo wameshuka bei, nitamwuliza nani? Habari zinapanda mlima kama moshi, hazishuki kama mvua.

Na jambo jingine. Sisi tunasema dagaa, Warundi na Wakongo ndagala, na Wazambia kapenta. Sawa, ni majina. Lakini chini ya jina moja mna samaki wa namna mbili, na mnunuzi mzoefu huwatenga kwa jicho, halafu humo humo huwamo na watoto wa migebuka ambao laiti wangeachwa wangekuwa samaki wa maana. Fomu ya karani inasema dagaa, basi. Mkiunganisha nchi nne bila kutuuliza sisi tunaotia mikono beseni, mtaunganisha maneno na samaki watawaponyoka.

MTAFITI: Mama amenionyesha mambo mawili, na yote mawili nayakubali. Hofu yake ina haki hata kisheria, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu anayekusanya habari za watu sharti aseme anazitakia nini na asizipeleke pengine kwa siri. Na la majina linanipa nafasi ya kumjibu mzee wangu juu ya beseni, ndoo na mwalo uliohama.

Hifadhidata moja si lazima iwe na kipimo kimoja. Karani aandike beseni kama alivyoona, na pembeni yake pawe na jedwali la mabeseni linalosema beseni la mwalo huu, mwaka huu, lilipimwa likapatikana kilo ngapi. Ugeuzaji ufanywe na mashine, na asili isifutwe kamwe. Kuhusu Kigoma Vijijini na Uvinza, Richard Snodgrass wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenziwe walitumia miaka mingi kuifundisha hifadhidata nyakati mbili: wakati jambo lilipokuwa kweli duniani, na wakati lilipoandikwa katika hifadhidata, na baadhi ya mafunzo hayo yaliingizwa katika kanuni za SQL za mwaka 2011. Hivyo fomu ambayo mzee aliijaza baada ya homa ingebeba tarehe mbili, na asomaye angejua kwamba hiyo ni habari ya kusikia.

Na kwamba nchi nne haziwezi kuhesabu pamoja, hilo limekwisha kukanushwa na historia. Mradi wa utafiti ulioanza mwaka 1992 chini ya FAO kwa fedha za Finland uliziwezesha nchi zote nne kuhesabu kwa wakati mmoja mwaka 1995, wakapatikana wavuvi wapatao 45,000. Na hesabu ya mwaka 2011 ikapata wapatao 95,000. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia saini mkataba Dar es Salaam, na kutokana nao ikapatikana Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Samaki hawana pasi ya kusafiria. Habari zao zikikomea mpakani, tutakuwa na robo nne za elimu na hakuna elimu nzima.

SHEHE: Nina swali langu, nalo linatoka katika fani niliyolelewa. Sisi hatupokei hadithi kwa uzuri wa maneno yake tu. Twauliza: ameipokea nani kutoka kwa nani, naye alikuwa mtu wa namna gani, na je, aliwahi kweli kukutana na yule anayemnukuu? Mnyororo ukikatika, hadithi hushuka daraja. Hifadhidata yako ina isnadi?

MTAFITI: Inaweza kuwa nayo, Shehe, ingawa elimu yetu ilichelewa kuiona haja yake. Mwaka 2001 Peter Buneman, Sanjeev Khanna na Wang-Chiew Tan walitoa makala mashuhuri iliyotenga maswali mawili: jibu hili limepatikana kwa sababu ya mistari ipi, na tarakimu hii imenakiliwa kutoka kijumba kipi? Ukiyajibu hayo, kila wastani unaotolewa Bujumbura au Dodoma unaweza kufuatwa kinyumenyume hata ufike kwenye usiku mmoja, mwalo mmoja, na mkono mmoja ulioandika.

KARANI: Mkono huo utatajwa jina?

MTAFITI: Ukiridhia wewe mwenyewe, utatajwa, usiporidhia, utapewa alama isiyokufichua, lakini hautafutwa.

KARANI: Basi nalegeza kamba, ila siiachi. Nakubali hazina moja, kwa sharti kwamba sisi tunaoandika tukae katika kikao kile kinachochora majedwali, kabla halijachapwa karatasi lolote wala kutengenezwa programu yoyote ya simu. Kunialika nijaze ni kuniajiri. Kunialika nichore ni kunisikiliza. Na daftari langu la karatasi litabaki hapa hapa, kwa sababu mashine ina adabu, lakini umeme hauna.

MCHUUZI: Nami naongeza sharti: atakayetoa habari apewe habari. Nisimame mwaloni na simu yangu, niulize bei na mavuno, nijibiwe kwa Kiswahili.

Hapo Shehe aliufunga mjadala bila kupiga kura, akamwachia mwandishi hukumu, na mwandishi anaitoa bila kusita. Hoja ya Mtafiti imesimama: ziwa moja lenye nchi nne haliwezi kujulikana kwa madaftari yasiyosemezana, na anayeshikilia daftari lake peke yake kwa kuogopa makosa ya jedwali anajinyima maswali ambayo wajukuu wake watataka kuyauliza. Walakini imesimama kwa nguvu alizopewa na mpinzani wake, kwa kuwa utetezi wote wa hifadhidata uliosikika hapa, tangu alama za Codd na dunia nyingi za Lipski hata nyakati mbili za Snodgrass na silsila ya Buneman, ni juhudi ya wanazuoni kurudisha ndani ya jedwali yale ambayo Karani aliyajua tangu mwanzo na hakuulizwa. Taksiri basi haimo katika elimu, wala haimo katika mwalo. Imo katika kikao cha katikati, kinachochora fomu bila ya mwanazuoni wala karani.

Kutokana na hayo, yako mambo matatu ambayo mtu yeyote atakayekuja na mpango wa kukusanya habari za ziwa hili yafaa aulizwe hadharani kabla ya kupewa beseni hata moja la kuhesabu. Aulizwe kama fomu yake inatenganisha usiku usio na samaki na usiku usio na mvuvi. Aulizwe kama tarakimu atakazozitoa zitaweza kurudishwa hatua kwa hatua hata kwa shahidi wa kwanza. Na aulizwe kama shahidi huyo ataweza, kwa lugha yake na bila ya kuomba ruhusa ya mbali, kuiuliza hazina hiyo swali lake mwenyewe. Akiyajibu yote matatu kwa ndiyo, afunguliwe madaftari yote ya Ilagala. Akishindwa hata moja, aambiwe arudi akatengeneze kwanza, kwa maana amri itakayofunga ziwa tena, ikisimama juu ya sufuri zisizojulikana ni za nini, itawaadhibu wavuvi kwa ajili ya mbalamwezi.